Kichwa cha Habari Kilichonivunjia Ndoa

Ndugu wasomaji, sasa mimi ni mzee. Nilikuwa na miaka ishirini na sita haya yaliponipata, nikiendesha lori katika mashamba ya karanga ya Wazungu pale Nachingwea. Mke wangu, Zainabu, alikuwa kwao Nandagala, Ruangwa, akimuuguza mama yake.

Jioni moja, karibu na Chiola, mwanamume alinisimamisha. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Tulikatazwa kubeba abiria... lakini ningewaachaje njiani? Nikawapakia. Mama yule alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Polisi walinishika. Mtu amefia ndani ya lori, ilibidi wachunguze. Walipomaliza kumhoji mume wa marehemu, wakaniachia.

Lakini gazeti la Kiingereza lilikuwa limeshaandika. Kichwa chake, kwa Kiswahili, kilisema: "Dereva akamatwa baada ya mwanamke kufa ndani ya lori."

Uongo uko wapi hapo? Haupo. Nilikamatwa, na kweli ilikuwa baada ya kifo. Ila msomaji hujaza mwenyewe kisichoandikwa: basi dereva ndiye aliyemuua. Na mke wa watu alitafuta nini kwenye lori lake? Hilo nalo walilijaza...

Aliyewasomea ukweni ni Hamisi, binamu yake Zainabu, karani mjini Ruangwa. Nilipofika Nandagala, mjomba wa Zainabu, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya ndoa, hakunipa hata kiti.

"Mpe talaka yake, tuachane kwa wema," akasema.

Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Zainabu alilia tu, hakunitazama. Nikatoa talaka. Nimechoka kujiuliza kama ningeweza kung'ang'ana.

Nikamfuata Hamisi. "Habari yenyewe, chini ya kichwa, ilisemaje?"

"Ilisema ulikuwa unampeleka hospitali," akajibu taratibu.

"Mbona hukuwasomea?"

"Walishaanza kulia, shemeji. Nikaona kichwa kimetosha."

Kimetosha...

Miezi mingi baadaye, mume wa marehemu alisikia yaliyonikuta. Akafunga safari mpaka Nandagala, akaeleza yote. Mjomba akaniita, akaniomba radhi mbele ya watu. Lakini Zainabu alikuwa ameshaolewa Lindi, tena akiwa na mimba. Radhi ile ningeifanyia nini?

Nilioa tena, nikapata watoto. Aliyeandika simchukii, pengine hakuwahi kufika huku kwetu. Ila nawasihi, mkisoma kichwa cha habari, jiulizeni: hili limeandikwa, au nimeliongeza mimi? Kisha someni mpaka chini, na mkiwasomea wengine, msiishie juu.

Zainabu amefariki mwaka huu. Wanawe waliniletea taarifa, nikaenda kuzika. Walinipokea vizuri. Nikakaa pamoja na majirani, si na wafiwa.