Vifurushi vya Shimo la Mchanga

"Zamu yako, Adila!"

"Yangu vipi? Mtoto wako, uchafu wake, halafu mimi ndiyo—"

"Jana nilipeleka mimi, na juzi nika—"

"Nina shule mimi!"

"Shule gani Jumamosi?"

Hapo Adila akaziba pua tu. Dada yake Sabiha alikuwa mlangoni, begi begani. Katikati yao, sakafuni, ilikaa pampasi ya mtoto Dadi, imevimba kama andazi lililozidi hamira. Harufu yake ilikuwa imeshafika jikoni na ilikuwa inaelekea kwa jirani.

Sabiha alikuwa mhudumu wa bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja kule Dunda. Siku kumi alikuwa kwenye mafunzo ya uokoaji na upigaji mbizi, na leo ndiyo siku ya mtihani. Bosi wake alishamwambia: bila cheti, msimu ujao asirudi kazini.

"Adila, peleka, mwanangu," mama akasema. "Kwenye jalala, nyuma ya mihogo. Mwache dada yako awahi mtihani wake."

Jalala hilo Adila alilichukia kuliko hesabu za sehemu. Lilikuwa mbali, na nzi wake walikuwa wakubwa kama maharage. Kulikuwa na funza wanaotembea kwa makundi kama wanakwenda harusini. Kwa hiyo alikuwa na njia yake, aliyoitumia kila zamu yake ilipofika. Aliifunga pampasi ndani ya nailoni nzito ya gunia la chumvi, akaweka na jiwe, akakaza kwa taitai, ile kamba nyembamba ambayo mama yake hufungia mwani baharini. Fundo lilikuwa la mama pia, lile ambalo mawimbi hayalifungui. Kisha akakimbia hadi kwenye shimo la zamani la mchanga, akasimama chini ya mkorosho, akarusha. Chubwi! Kazi ikaisha kabla pua haijajua.

Saa nne, gari likasimama penye shimo hilohilo.

Adila alilisikia akiwa anafagia uwanja. Alipofika ukingoni, watu walikuwa wameshajaa. Mwalimu Bilali, mzamiaji mstaafu mwenye sauti ya muadhini, alikuwa anafunga kamba kiunoni mwa Sabiha. Mahali pa mtihani huwa hamwambii mtu mpaka asubuhi yenyewe. Miwani ya Sabiha ilikuwa imezibwa kwa plasta nyeusi, ingawa kwa maji yale, yenye rangi ya chai ya maziwa, hata plasta haikuhitajika.

"Chini kuna sanamu la mpira limejazwa mchanga," Mwalimu akasema. "Hilo ndilo mtu wetu aliyezama. Una dakika ishirini. Utatafuta kwa mikono tu. Chochote utakachogusa kisicho tope wala jiwe, kilete juu. Huoni, kwa hiyo usichague. Ukipata kitu, vuta kamba mara tatu."

Sabiha akazama. Adila akautazama ule mkorosho.

Dakika ya nne kamba ikavutwa mara tatu. Sabiha akaibuka. "Nimepata! Ni laini, Mwalimu, laini kama tumbo la mtu!"

Kilikuwa kifurushi cha nailoni.

"Si hicho. Rudi."

Akarudi. Akaibuka na kingine. Kisha cha tatu. Cha nne alikikumbatia kifuani kwa uchungu kama mtoto, maskini, bila kujua kwamba kweli kilikuwa cha mtoto wake. Dakika zikaisha.

Mwalimu Bilali akachomoa kisu. "Hebu tuone hiki kinachotupotezea muda." Akakata nailoni.

Jamani! Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa chumbani wiki mbili. Ndani mlikuwa na kitu cheusi, kizito, kinachong'aa. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo akatapika pale pale. Sabiha akavua miwani, akaangalia kifua chake, akaangalia mikono yake, akaanza kutema mate, akatema, akatema, mpaka mate yakamwisha.

"Dada yako anavua pampasi!" Mikdad, wa darasa moja na Adila, akapiga kelele. "Leo kitoweo kipo!"

Mwalimu hakucheka. "Sijui ziko ngapi humo chini wala ziko wapi. Sitamzamisha mtu tena. Mtihani umefutwa, na mwingine ni mwakani."

Sabiha akakaa kwenye tope. Hakulia. Alijifuta tu mikono kwenye majani, tena na tena.

Adila alitamani ardhi immeze, ila ardhi yenyewe ilikuwa inanuka. Akasogea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nini?"

"Ni zangu."

"Zako?" Mikdad akadakia. "Kumbe bado unavaa!"

"Za Dadi! Nilizitupa mimi. Ziko tisa. Nilichukua taitai tisa za mama, aliponiuliza nikasema zimeliwa na panya." Akaonyesha kwa kidole. "Zote nilizirushia pale, chini ya mkorosho. Msimfelishe dada. Nifelisheni mimi."

Sabiha alimtazama kwa macho ambayo Adila hajayasahau mpaka leo.

"Tisa, una hakika?" Mwalimu akauliza.

"Wallahi, Mwalimu."

"Basi zimebaki tano. Zitoe."

Alipewa glavu na reki iliyofungwa kwenye mwanzi mrefu. Alivuta kimoja kimoja mbele ya kijiji kizima cha Zinga. Cha tatu kilimdondokea mguuni na tope lake la kijani, na muhogo wa asubuhi ukarudi juu wote. Akajifuta mdomo, akaendelea. Vilipotimia, alivibeba mwenyewe, vyote tisa, hata kile kilichokatwa, hadi kwenye jalala lenye nzi wa maharage. Safari tatu.

Mwalimu alikuwa ameshavikagua vile vinane vizima: hakuna hata kimoja kilichovuja, kwa hiyo mtihani ukarudishwa. Wakanawa wote kwa sabuni na maji ya pipa, kisha Sabiha akafungwa kamba upya. Dakika ya kumi na moja kamba ikavutwa mara tatu. Likaibuka sanamu, kichwa mbele, na nyuma yake Sabiha, anacheka na kutema mate kwa pamoja. Mama, aliyekuwa ameshafika, akapiga kigelegele, kisha akamgeukia Adila. "Panya wangu," akasema, "tutaongea nyumbani."

Mwalimu Bilali akamwita Adila kando.

"Uchafu ukiutupa majini haupotei, unamsubiri mtu. Leo umemsubiri dada yako, kesho ungemsubiri mtoto anayeoga hapa. Na wewe ungesema ukweli kwenye kifurushi cha kwanza, asingevikumbatia vitatu vingine. Unapochelewesha ukweli, kuna mwenzako anapapasa gizani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu. Sitarudia."

Akageuka aondoke.

"Wewe, subiri." Mzee mzima akachuchumaa kwenye tope, akatazama kushoto na kulia kama anayetaka kuiba, akatoa mfukoni kipande cha kamba. "Mafundo ya mifuko yetu ya kutolea vitu majini yanaachia kila mara. Miaka ishirini na sita hii kazi naifanya." Akamnyooshea ile kamba. "Tafadhali, mwalimu, nifundishe hilo fundo."