Ufunguo Nyuma ya Kalenda

Mgeni alifika siku ya Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na ngazi begani. Hakuna aliyekuwa akimngoja.

Kiranja mkuu wa shule, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa kwenye kiti chake cha zamu nje ya ofisi. Kila Jumatatu alifuta vumbi kwenye meza ya wageni, akaandika tarehe kwenye daftari, na kugonga kengele kila kipindi kilipokwisha. Shule nzima ilimwita Kiranja, hata wale waliomjua tangu akiwa na mapengo mdomoni.

"Habari za kazi, mdogo wangu," mgeni alisema. Alivaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya wino. "Nimetumwa nitazame printa ya ofisini."

"Karibu, Kaka. Mama Karani amepeleka karatasi za mtihani darasani. Andika jina hapa, halafu umsubiri."

"Niandike kwa mkono gani? Huu umeshika ngazi, na huu umeshika sanduku. Bega lenyewe linawaka moto." Akacheka huku jasho likimchuruzika shingoni. "Nifungulie tu niitue, kisha nitakuandikia hata ukurasa mzima."

Kiranja akamwonea huruma. Ufunguo wa akiba ulitundikwa kwenye msumari nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa ajili ya dharura tu. Sheria ilikuwa wazi: mgeni asiyeandikishwa haingii, na kiranja atakayemfungulia anavuliwa beji. Lakini ngazi ilikuwa nzito kweli. Akafungua. Mara saa ya kengele ikafika, naye akakimbia kuigonga.

Aliporudi, ngazi ilikuwepo, mgeni hakuwepo. Mezani, mahali pa kompyuta yenye alama za wanafunzi wote, ulibaki waya mtupu.

Kiranja akachungulia chini ya meza. Akaurudisha ufunguo nyuma ya kalenda haraka haraka, na wakati huohuo Mama Karani akatokea ukumbini.

"Mlango uko wazi! Na kompyuta yangu? Nani aliingia humu?"

"Sijui, Mama."

Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Kabla Mama Karani hajapiga kelele, Mwalimu Mkuu alitokea. Nyuma yake alikuwa yule mgeni, na kompyuta ikiwa kwapani, pamoja na mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Hakuna mwizi hapa," mwanamke yule alisema kwa upole. "Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Huyu ni mwanafunzi wangu. Nawafundisha udukuzi."

Mama Karani akashika kifua. "Yaani chuo kikuu siku hizi kinafundisha wizi, dada yangu?"

"Kinafundisha kutafuta matundu kabla mwizi hajayaona. Tunajaribu kupenya, tukifaulu tunamweleza mwenye nyumba ilivyowezekana, ili azibe. Tofauti yetu na mwizi ni karatasi hii."

Kijana akatoa barua mfukoni. Ilikuwa ruhusa iliyotiwa saini na Mwalimu Mkuu. Ilitaja siku, saa, na kompyuta ile moja tu. Kijana hakuifungua kompyuta hiyo wala hakutazama alama hata moja, kwa sababu barua haikumruhusu.

Kiranja aliinamisha uso, akingoja kijana amtaje. Kijana hakumtaja; alisema tu kwamba ripoti yake itafuata.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Mkuu alimgeukia Mama Karani. "Mlango uliufunga?"

"Niliufunga, Mwalimu. Nadhani niliufunga." Sauti yake ikafifia. "Au labda haraka ya mitihani…"

"Labda haitoshi, Mama. Alama za watoto zimo humo. Ijumaa asubuhi nitaamua kama utabaki ofisini au utahamia stoo ya vitabu."

Kiranja aliyasikia yote kutoka kwenye kiti chake. Akaendelea kufuta vumbi mezani.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Karani, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikumbuka jina la kila mtoto na la kila mzazi, alianza kutoiamini akili yake. Alifunga mlango, akatembea hatua kumi, akarudi kuutikisa. Akaondoka tena, akarudi tena.

"Mwanangu, hebu nitazamie," alimwambia Kiranja siku ya Jumatano. "Nimefunga, sivyo? Uzee huu unanichezea."

"Umefunga, Mama," Kiranja alijibu, akitazama kalenda.

Alhamisi, mhadhiri aliwaalika wanafunzi wa darasa la saba, Kiranja akiwemo, waone darasa lake chuoni. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye kompyuta ishirini na nyaya zilizofungwa vizuri chini ya meza. Mhadhiri aliwaeleza kwamba mtandao ule ulikuwa wa mazoezi tu, hauunganishwi na dunia ya nje. Kila mwanafunzi alikuwa na barua yake ya mipaka mezani, na daftari la kuandika kila alichogusa pamoja na saa aliyokigusa.

Kiranja alisimama nyuma ya dada mmoja aliyesuka mabutu. Vidole vyake vilicheza juu ya kibodi. Dada alijaribu nywila moja, ikakataa. Akakuna kichwa, akajaribu njia nyingine, na mlango wa mfumo ukafunguka. Wanafunzi wa darasa la saba wakashusha pumzi kwa mshangao. Ghafla dada yule akainua mikono yote miwili juu.

"Nimevuka!"

Wenzake wakageuka. Kila mtu akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Umevukaje?" mhadhiri aliuliza.

"Nimeingia kompyuta ya jirani, haimo kwenye barua yangu. Nimeona majina mawili ya mafaili. Sijafungua hata moja."

"Zoezi lako la leo limekufa. Alama ni sifuri. Andika yote kwenye ripoti, na hilo pia."

"Sawa, Mwalimu."

"Pole," jirani yake alimnong'oneza. "Jana sifuri ilikuwa yangu. Karibu kwenye chama."

Wakacheka wote, hata mwenye sifuri, kisha akaanza kuandika. Kiranja alimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyemwona dada yule alipovuka. Angeweza kurudi kimyakimya, akapata alama zake zote.

"Kwa nini amesema?" alimuuliza mhadhiri.

"Kwa sababu kesho atapewa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa hospitali au wa benki, na huko sitakuwa nyuma ya kiti chake. Kumfundisha mtu kufungua milango ni kazi ya mwaka mmoja. Hili la mikono juu linanichukua miaka yote minne."

Yule kijana wa ngazi, ambaye wenzake sasa walimwita Ngazi, alimsogelea Kiranja kwenye korido.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Ripoti yangu inakuja wiki ijayo, na humo hutajwi. Hatutaji watu. Tunataja mahali ufunguo unapotundikwa."

"Kaka, Mama Karani analaumiwa. Kesho huenda akaondolewa ofisini."

Uso wa Ngazi ukabadilika. "Sikujua. Basi twende kwa mhadhiri sasa hivi."

"Hapana. Niachie mimi. Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, nitasema mwenyewe. Naahidi."

Ngazi alimpa mkono. "Sawa. Kabla ya kengele ya kwanza."

Nyumbani jioni, ahadi ile ilionekana kubwa kuliko alipoitoa. Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi, na kiranja mkuu ndiye ambaye angesoma hotuba ya kuwakaribisha. Mama yake, mshonaji, alikuwa ameomba ruhusa kiwandani ili aje amsikie.

"Nitakaa mbele kabisa," mama alisema akimpigia sare pasi. "Wenzangu wote nimeshawaambia."

Kiranja aliziweka karatasi za hotuba kwenye mkoba.

Asubuhi alifika shuleni geti likifunguliwa. Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini na Mama Karani, ambaye alikwisha kupanga vitu vyake kwenye boksi. Kiranja akabisha hodi. Akaingia.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Tuna mazungumzo, Kiranja. Rudi baadaye."

"Baadaye nitashindwa, Mwalimu. Jumatatu nilichukua ufunguo nyuma ya kalenda nikamfungulia fundi. Sikumwandikisha. Halafu nikasema sijui."

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Mama Karani aligeuka polepole, kitabu kikiwa bado mkononi.

"Kwa hiyo niliufunga?" aliuliza.

"Uliufunga, Mama. Nilifungua mimi. Nisamehe."

Mama Karani akaketi, akaweka viganja usoni. "Siku nne," alisema. "Siku nne nimedhani akili inanitoka." Akafuta macho. Alipomtazama tena, alikuwa na hasira, na alikuwa na ahueni, vyote pamoja. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini umenitesa."

"Mama, naomba radhi nami," Mwalimu Mkuu alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kuuliza vizuri. Rudisha vitu vyako mezani." Kisha akamgeukia Kiranja. "Sheria unaijua."

Kiranja aliivua beji mwenyewe, akaiweka mezani.

"Na hotuba atasoma makamu wako. Adhabu hii si kwa ajili ya huruma yako; huruma ni nzuri. Ungemsaidia kushusha ngazi pale nje. Kosa kubwa ni lile 'sijui', maana lilimtwika mtu mwingine mzigo wako. Kukosea kila mtu atakosea. Yule anayesema kosa lake pale ambapo hakuna aliyemwona, huyo ndiye tunayeweza kumwachia mambo ya watu wengine."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alitoka. Makamu wake, msichana mwembamba wa darasa la saba B, alikuwa uwanjani, ameshika kamba ya kengele, tayari kuivuta.

"Chukua," Kiranja alimwambia, akimpa karatasi za hotuba. "Leo unasoma wewe."

"Mimi? Unaumwa? Mama yako si anakuja?"

"Anakuja. Nitamweleza getini." Akameza mate, akaonyesha mstari wa tatu kwa kidole. "Hapa kwenye 'wazazi wetu wapendwa', usikimbie. Pumua kwanza."