Majivu Kwenye Ubao wa Tatu

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile kilikuwa majivu. Yalikuwa yamemwagwa juu ya ubao wa tatu wa mtumbwi, mengi, yakaufunika wote kuanzia upande huu hadi upande ule. Mbao nyingine za kukalia hazikuwa na kitu. Nyumbani kwetu majivu tunamwagia matapishi, au mavi ya kuku yakiwa mlangoni, kisha tunazoa na kutupa. Ubao huo wa tatu ndio aliokuwa anakalia Agutu, mpiga kasia mwenzangu.

Mimi naitwa Getruda. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, na kazi yangu ilikuwa kuanika dagaa kwenye mwalo wetu, ufukwe wa kushushia samaki, upande wa Pasiansi. Nilikuwa pia katika timu ya wanawake ya kupiga makasia. Tulikuwa kumi. Kila asubuhi Mzee Mashimba akisharudi kuvua, alituazima mtumbwi wake tufanye mazoezi. Kwa kuwa mimi si msemaji, nilipewa kazi isiyohitaji maneno: kufika mapema na kuchota maji yaliyobaki ndani ya mtumbwi.

Maji yale nayajua. Yalikuwa meusi, yana magamba, utumbo wa sangara, mafuta ya injini na vipande vya sigara. Yalikuwa na mkojo pia, kwa sababu wavuvi wakiwa katikati ya ziwa hukojoa kwenye kopo, na kopo lenyewe ndilo hilo hilo nililochotea. Siku moja nilikuta matapishi ya mlevi, ugali bado unaonekana. Nilichota, nikasugua kwa mchanga, nikanawa mikono mara tatu, na mchana chakula kikanishinda. Katika miaka miwili sikuwahi kuona mtu akimwaga majivu juu ya uchafu huo.

"Usiguse ubao huo," alisema Mama Luhaga nyuma yangu. Yeye ndiye nahodha wa timu yetu, mchoma samaki mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa majivu.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Yule mtoto Agutu jana aliingia mtumbwini akiwa mwezini. Mzee Mashimba aliliona doa kwenye sketi yake wakati anashuka. Usiku kucha yeye na wavuvi wake wamevua, wamerudi na ndoo moja ya furu, vile visamaki visivyo na bei. Anasema mtumbwi umeingia gundu."

Kwenye mwalo wetu wengi waliamini mkosi huo. Mwanamke mwenye hedhi akiingia mtumbwini, samaki wanakimbia. Hakuna aliyewahi kueleza samaki wanajuaje.

Mimi pia nilikuwa kwenye siku zangu. Jana ile ile nilikaa ubao wa nne, nyuma ya Agutu, nikiwa nimekunja kitambaa mara nne na kuvaa kaptula mbili juu yake. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: kitambaa changu hakikuvuja.

Agutu alikuja na kasia lake begani, amevaa sketi nyingine. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa darasa la saba, anaishi na bibi yake. Pamoja na udogo wake, hakuna kati yetu aliyemshinda kwa nguvu ya mkono.

"Weee binti! Simama hapo hapo!" Mzee Mashimba alipiga kelele kutoka kwenye nyavu zake. Akatema mate mchangani. "Unataka samaki wote wahamie Bukoba?"

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu walicheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alivuta kanga yake akaziba pua, kana kwamba kuna harufu imempita. "Na wewe mtoto," alisema, "hukufundishwa kujificha?" Miguuni pake utumbo wa samaki ulikuwa unatembea kwa funza. Huo haukumfanya azibe pua.

Agutu aliyatazama majivu. "Nimeoga, mama," alimwambia Mama Luhaga. "Nimeoga mara mbili."

"Nenda nyumbani, mwanangu. Baada ya wiki nne ni Nane Nane, ni mashindano, na bila mtumbwi wa Mzee hatuna timu. Nafasi yako nitampa mtu mwingine."

Agutu akanigeukia mimi. Najua alichokuwa anakitafuta usoni kwangu. Neno moja tu. Nikainamisha kichwa nikaangalia kopo, nikaendelea kuchota. Nilisikia kichefuchefu, na safari hii hakikutoka kwenye maji.

Juma lile shule zilifunguliwa. Agutu hakwenda. Watoto wa mwalo walikuwa wameshaifikisha habari darasani, na jina lake jipya lilikuwa Gundu. Wiki ya pili pia hakwenda. Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwao na dagaa kidogo kwenye mfuko kama kisingizio.

Nilimkuta amekaa chumbani, dirisha limefungwa. Chumba kilinuka ukungu. Nilitafuta harufu inakotoka, nikainua pembe ya godoro. Chini yake kulikuwa na vitambaa vyake, vibichi, vimeanza kuota madoa meusi.

"Unavirudia hivi?" niliuliza.

"Nitavianika wapi, Dada Getruda? Watu wataona."

"Muuguzi wa zahanati alitufundisha. Osha kwa sabuni, anika juani mpaka vikauke kabisa. Jua linaua vijidudu. Ukivaa kitambaa kibichi utapata fangasi na maumivu."

"Wewe unaanika juani?"

Vya kwangu pia vilikuwa chini ya godoro. Nilikuwa nimeyasikia maneno ya muuguzi kwa masikio yangu mawili, kisha nikarudi nyumbani kuficha. Siku ile tuliviosha vya kwake kwa sabuni ya kipande, tukavianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, wazi, na mimi nikasimama mbele yake kama mlinzi. Bibi yake alipita, akatazama, akasema, "Hata mimi nilikuwa navyo," akaendelea kwenda kwa kuku wake.

Tulipokuwa tunangoja vikauke, Agutu aliniuliza, "Wewe uliacha shule kwa nini?"

"Mama aliugua," nilijibu. Jibu hilo nililizoea. Nilimpa kila aliyeuliza.

Agutu alifikiri kidogo. "Basi na mimi nitasema bibi anaumwa."

Nilikaa pale nikitazama kamba. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwezi wa tisa. Mtoto alikuwa ameuchukua uongo wangu kama mtu anavyochukua nguo iliyoanikwa, akaona inamtosha.

Siku ya mashindano watu walijaa mwaloni. Mitumbwi minne ya mialo mingine ilikuwa imeshajipanga majini, ngoma inalia. Sisi tulipofika kwenye mtumbwi wetu, tulimkuta Mzee Mashimba amemwaga mstari wa majivu mchangani mbele yake.

"Leo sitaki kubahatisha," alisema. "Kila mmoja avuke hapa, aseme: mimi ni safi."

Evelina alivuka. "Mimi ni safi." Selina akavuka, akasema haraka huku anatazama pembeni. Wakavuka wengine wawili. Ikafika zamu yangu.

Nilikuwa kwenye siku zangu tena, siku ya pili. Mwezi umezunguka ukanirudisha pale pale. Niliyatazama majivu, nikayaona matapishi na mavi ya kuku, nikajiona na mimi nimezolewa pamoja nayo. Nilichukia. Nilimchukia Mzee, nikaichukia ile kanga puani, lakini zaidi ya vyote nilichukizwa na shingo yangu iliyoinama siku ile.

"Sivuki," nilisema.

"Sema watu wasikie!"

"Nimesema sivuki, Mzee. Niko kwenye hedhi. Na siku ile mliyomfukuza Agutu nilikuwa nayo pia. Nilikaa nyuma yake, mkamwona yeye peke yake."

"Kumbe huyu anaongea?" alisema mtu, na watu wakacheka.

"Ndiyo maana!" Mzee Mashimba alipiga mikono. "Ndiyo maana nilirudi na furu!"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Miaka miwili mimi ndiye ninayechota maji ya mtumbwi wako. Kila mwezi nimo humo, siku zangu zote. Pasaka hii ulipoleta yule sangara mkubwa, watu wakapiga naye picha, asubuhi ya jana yake nilikuwa nimekaa ubao wa nne nikiwa hivi hivi nilivyo. Gundu ilikuwa wapi?"

Mshona nyavu mmoja alijikuna kichwa. "Mzee, hapo umenaswa."

Selina alirudi akavuka mstari kuja upande wangu. "Mimi nimesema uongo," alisema. "Nimeanza juzi."

Mama Luhaga alitazama mstari, akanitazama mimi, kisha akavitazama viganja vyake. Akaweka mguu juu ya majivu akayafuta, mara moja, mara mbili, mpaka ukabaki mchanga mtupu.

"Mzee wangu," alisema, "ukiwatoa wote wanaopata hedhi, utabaki wewe na majivu yako. Wenzetu wanangoja. Kamwiteni Agutu, nafasi yake haikupata mtu."

Mwenyekiti wa mwalo alikuwa anatazama, na mialo yote minne ilikuwa inatazama. Mzee Mashimba aligeuka akaenda kukaa kwenye nyavu. "Chukueni! Lakini mkirudi mtauosha huo mtumbwi!"

"Tutauosha," Mama Luhaga alimjibu. "Tutaanza na mkojo wenu."

Safari hii hata wavuvi wake walicheka.

Agutu alikuwa nyuma ya mawe pamoja na bibi yake. Hakuna aliyemwalika, lakini kasia lake alikuwa nalo mkononi. Alipofika kwenye ubao wa tatu alisita. Kwenye nyufa za ubao majivu yalikuwa bado yamebaki.

"Kaa," nilimwambia. Akakaa. Nami nikakaa nyuma yake.

Tulikuwa wa tatu kati ya mitumbwi mitano. Hatukupata kombe. Tulirudi tumelowa, mikono imechubuka, na watu wa mwalo wetu waliimba kana kwamba tumeshinda, isipokuwa wale wachache waliobaki wamekunja uso.

Tuliuosha mtumbwi kama tulivyoahidi. Tulipoinua mbao za chini kabisa yalitoka matumbo yaliyooza, kitambaa chenye mafuta, na panya aliyekufa siku nyingi. Evelina alikimbia kutapika. Mama Luhaga alimshika panya kwa mkia, akamtupa mbali, akatuita.

"Njooni mtazame," alisema. "Hiki ndicho kilichokuwa humu siku zote, na juu yake nikamwaga majivu kwa ajili ya damu ya mtoto. Nimezaa watano. Kama ile damu isingekuwepo, wasingekuwepo. Hedhi ni afya ya mwanamke. Inataka maji, sabuni, kitambaa kikavu au pedi safi, basi. Mwenye hedhi anacheza, anapiga kasia, anakwenda shule. Aibu ni yangu mimi niliyemfukuza mtoto na huku najua. Agutu, mwanangu, unisamehe."

Agutu alisema, "Ndiyo, mama." Akachukua kopo akaanza kuchota pamoja nami.

Jioni tulipanda mlima pamoja kuelekea kwao. Alikuwa anachechemea kwa uchovu, anacheka peke yake akikumbuka panya.

"Jumatatu nakwenda shule," alisema. "Mwalimu akiuliza, nitamwambia bibi alikuwa anaumwa. Kama wewe na mama yako."

Nilisimama. Chini yetu ziwa lilikuwa linanuka kama kawaida yake, mwani na samaki.

"Agutu," nilisema, "mwambie kweli. Mama yangu hakuugua hata siku moja. Nilikuwa darasa la sita. Nilisimama kujibu swali, wakaona doa kwenye sketi yangu, wakacheka. Nilijua jibu. Nikatoka mlangoni bila kulisema, na sikurudi tena."