Chungu Kilichozibwa Nta

Hamjambo wote mliofika? Punguzeni hiyo redio. Anayetafuna karanga ameze kwanza. Na hapa kwenye mkeka, ubavuni kwangu, asikae mtu. Paacheni wazi.

Haya.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshatuingia, Sumbawanga kila mlango duka. Rafaeli, mpiga picha wa pale mjini, akaja na habari mpya. Kuna tajiri Dar ana duka ndani ya kompyuta. Wazungu wanakaa kwao, wanaangalia picha, wanachagua. Anataka vyungu vya Ufipa, hasa vya zamani. Akatuletea na karatasi ya maelekezo. Binti yangu Edith akanyoosha mkono aipokee, nikamuwahi.

"Niachie. Nasoma mimi."

Msicheke. Kusoma nimejua nina wajukuu, kwenye kisomo cha parokia, na siku hizo hata mfuko wa chumvi haukunipita bila kuusoma. Nikaweka kidole, nikaenda neno kwa neno: Picha ionekane vizuri, isiwe na ukungu. Nyuma pawe peupe. Chombo kiwe kizima, kisiwe na ufa wala tundu.

Edith alinisikiliza vizuri. Vizuri mno.

Jioni moja nilikuwa natoka mashine ya kusaga, debe la unga kichwani, jua linazama. Upepo wa kwetu mnaujua, unakata masikio. Nikawakuta uani. Rafaeli katundika shuka jeupe ukutani. Edith kapiga magoti mbele yake, kakumbatia chungu cheusi, maana shuka lilikuwa linapepea na kukigonga.

"Shikamoo mama," Rafaeli akasema. "Leo Edith anafika Ulaya bila nauli."

"Marahaba. Afike, ila arudi kusonga ugali."

Tukacheka. Sijacheka tena vile.

Kamera yake ilikuwa ya kisasa, picha unaiona hapohapo kwenye kioo kidogo mgongoni. Akapiga. Akaitazama. Akakunja uso.

"Umetikisika, Edith."

"Sijatikisika."

Nikachungulia. Chungu kilikuwa safi, hata alama za vidole vya aliyekifinyanga unaziona. Lakini mikono iliyokishika... ukungu.

Akapiga tena.

Chungu kimezidi kung'aa. Edith hana mikono.

Akapiga tena.

Shuka. Chungu. Basi.

Na Edith yuko pale mbele yetu, kapiga magoti, anauliza, "Imetoka?"

Hapo nikasikia harufu. Udongo mbichi, na pombe ya ulezi iliyochacha. Halafu sauti, ndani ya chungu, taratibu... kama mtu anameza.

"Edith," nikanong'ona, "umekitoa wapi?"

"Mahameni, mama. Kule mlikoishi kabla ya kuhamishwa. Kilikuwa juu ya mawe."

Juu ya mawe.

Kwetu mtu akifa, chungu alichokuwa anakinywea kinatobolewa kitako, kinawekwa kaburini. Kinatobolewa ili akirudi na kiu asikute chombo kizima kinamkaribisha.

"Kilikuwa na tundu?"

"Dogo tu. Nimeziba kwa nta, nikapaka masizi. Si ulisoma mwenyewe, mama? Kisiwe na tundu."

Nikakipindua, nikashika kisu nikwangue nta. Nikakwangua...

Hakuna nta. Hakuna tundu. Kitako kizima, kama kimechomwa jana.

Nikaleta msumari na jiwe, nitoboe upya. Nikagonga mara moja.

Edith akapiga yowe, kashika kisigino. Damu.

Msumari ulikuwa kwenye chungu, jamani! Sio kwake.

Jiwe likanidondoka. Sijagonga tena. Nani angegonga?

Rafaeli alikimbia na kamera yake. Aliporudi siku nyingine alisimama njiani, uani hakuingia. Kumbe ile picha ya mwisho alishaituma. Akanipa karatasi ya majibu kutoka Dar. Nikaisoma mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilitamani nisingejua kusoma:

Picha safi sana. Chungu nakichukua. Ila pigeni nyingine, bila huyo bibi kizee aliyekikumbatia.

Bibi kizee gani? Mimi nilikuwa nyuma ya kamera.

Nilikirudisha mahameni, juu ya mawe yaleyale. Edith akatetemeka kwa baridi mpaka asubuhi, blanketi tatu hazikumsaidia. Nikakifuata. Sasa kiko chini ya kitanda changu. Nasikia kinameza.

Na mwanangu anafifia. Ilianza watu kunisalimia mimi tu, na tuko wawili. Halafu Jumapili moja, kwenye komunyo, padri akampita, na mdomo kaufungua. Alimpita kama anapita nafasi tupu. Mimi bado namuona. Asubuhi namuona vizuri. Jioni namjua kwa kukohoa.

Ndiyo maana nazunguka nasimulia. Kaulizeni wazee wenu, pengine yuko anayejua namna ya kumtoa mwanangu kwenye hicho chungu. Mimi sijui.

Giza linaingia, acha niwahi. Nitapita tena hapa. Mkiniona naja, salimieni watu wawili, hata kama mnamuona mmoja.

Edith, inuka mwanangu. Twende.

Wewe wa pembeni, vuta mguu. Apite.