Tumbo Halijagusa Chini

Katika soko la Balogun, Lagos, pale ambapo hata asiye na haraka husukumwa hadi akawahi, Gbolahan alikanyaga kitambaa cha mwanamke aliyekuwa akipatana bei kwa kuimba.

"Mhandisi gani haoni chini?" mwanamke akauliza, akiitazama kofia yake ya mjengo.

"Samahani, dada."

"Samahani haifui nguo. Beba mizigo hii."

Akabeba. Mizigo ikamfikisha kituo cha basi, na kituoni akapata namba ya simu.

Mwanamke huyo ni Mojirade. Alisomea ufamasia, akawa anahesabu vidonge huku akipiga miayo, mpaka shangazi yake, aliyekuwa alaga, yaani mshereheshaji wa harusi za Kiyoruba, alipokaukiwa sauti asubuhi ya harusi. Mojirade akashika kipaza sauti. Alimtania bwana harusi hadi jasho likamtoka, akawaliza wazazi wa bibi harusi, kisha akawachekesha kabla machozi hayajakauka. Jumatatu hakurudi kwenye duka la dawa. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwalaza kifudifudi watu wa bwana harusi mbele ya wakwe, kama heshima ya kimila, na kutowainua kirahisi.

"Malkia wangu wa kelele," Gbolahan alimwita kwenye simu.

"Kelele zangu zinalipa kodi, mpenzi. Za nyundo zako je?"

Raha tupu. Ila Gbolahan alimwambia mama yake kwamba mchumba ni mfamasia. Ukweli wenyewe ulikuwa umeshapita muda wake, kama dawa iliyosahaulika rafuni.

Mama akaja kumwona mkwe. Wakiwa mezani akauliza, "Mwanangu, wewe wa dukani kwa dawa, hii presha yangu nimeze nini?"

Mojirade akamgeukia Gbolahan. Gbolahan akakodolea macho sahani ya moin-moin.

"Meza ulizoandikiwa na daktari, mama," Mojirade akajibu kwa adabu. Akapiga magoti kuaga, akaondoka.

Jioni simu ikalia.

"Moji, nisikilize..."

"Unanionea haya?"

"Nilitaka kupunguza maneno na mama."

"Basi umeyapunguza. Na mimi nimepungua humo humo."

Akakata. Alipopigiwa tena, hakupokea.

Mwezi uliofuata Wasiu, rafiki wa Gbolahan, alikuwa anaoa. Gbolahan aliposikia alaga ni nani, akawahi ukumbini na sare ya kijani ya wapambe wa Wasiu, mama yake nyuma.

"Wanaume, chini!" Mojirade akaamuru. Wakalala wote. Wakataniwa, wakaimbiwa, wakaruhusiwa kuinuka. Mmoja akabaki.

"Wewe wa mwisho! Anayeoa ni Wasiu. Inuka."

"Siinuki."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mojirade hakucheka. "Unataka nini kwenye harusi ya watu?"

"Nina mchumba. Mama yangu, yule mwenye kilemba cha dhahabu, nilimwambia ni mfamasia."

"Kwani siye?"

"Ni alaga!" Gbolahan akapaza sauti. "Kazi yake ni kutuaibisha hadharani, na Lagos nzima hakuna anayemfikia. Namtaka yeye, na kazi yake, na hicho kipaza sauti!"

Mama akasimama, akakitengeneza kilemba chake.

"Mwanangu," akamwambia Mojirade, "huyo kanidanganya na mimi. Usimwinue mapema."

Hapo Mojirade akacheka, wanja ukimtiririka mashavuni. Akamzunguka Gbolahan taratibu, akainama kumkagua.

"Gbolahan."

"Naam, malkia."

"Shusha tumbo. Halijagusa chini."