Duara Mbele ya Duka la Sari

Haya sikusimuliwa. Nilikuwa ndani ya kile kioo cha duka, lebo ya bei ikining'inia shingoni.

Ilikuwa sikukuu ya Tihar, siku ambayo dada huwabariki kaka zao, mchana kweupe, na mji wetu mzima wa Hetauda ulinukia maandazi ya sel roti yakikaangwa. Jirani yetu Lokendra alikuwa amekodi dirisha la duka la sari tuigize ndani yake, ili watu waone wasichana wanavyouzwa ng'ambo ya mpaka. Ndizo zilizokuwa mbwembwe zake. Mwaka uliotangulia alituweka kwenye vizimba vya kuku sokoni, tukatemewa mate kabla watu hawajaelewa. Dada yake, Junu, alipotea akiwa bado mwanafunzi, na kila Lokendra aliposhika kipaza sauti alimlilia mpaka nasi tukalia. Nilimpenda kwa machozi yale, Mungu anisamehe.

Tuliketi wanne. Mlango ukafungwa kwa kufuli, upande wa nje.

"Sari bei gani, pamoja na aliyemo?" mlevi mmoja akapayuka. Watu wakacheka. Mama yake Junu, aliyesimama mbele kabisa, hakucheka.

Lokendra, akiwa nje na kipaza sauti, akaanza kutuuliza, kama tulivyofanya mazoezi. "Nani alikuuza?"

"Shangazi."

"Mchumba wangu."

"Baba wa kambo."

"Jirani," nikasema mimi.

Kisha sauti ya chini, nyuma yangu: "Kaka."

Watu wakapiga makofi. Sikugeuka. Nilimwona kwenye kioo, msichana wa tano: sare ya shule, nywele zikichuruzika mafuta.

"Nani huyo?" mwenzangu akaninong'oneza.

"Nyamaza."

Lokendra alikaa chini palepale, miguu ameikunja, kama kaka anayesubiri dada yake ampake tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso. Kipaza sauti kilimwangukia mapajani. Yule msichana alikuwa nje sasa. Kufuli halikuguswa.

Siku ya kaka, kila dada humzungushia kaka yake mafuta sakafuni, mauti yasivuke. Naye alimzunguka. Taratibu. Tone kwa tone. Hakulifunga duara. Nilipopepesa macho, hayupo.

"Junu, walisema ni kazi ya hoteli," Lokendra alinong'ona, na kipaza sauti kikamtangaza mtaa mzima. "Ndiyo, nilikuvusha mpakani mimi mwenyewe. Lakini walisema hoteli."

Mama yake alimsogelea. "Miaka yote hii, mwanangu, ulinifuta machozi kwa mkono uleule?" Akamwinamia. "Haya. Yuko wapi? Niambie tu yuko wapi."

Lokendra aliinuka, akatokea penye pengo la duara, akakimbia. Hajaonekana tena.

Mwenye duka amelisugua duara kwa majivu, kwa sabuni, kwa mafuta ya taa. Juzi nilipita, bado ni bichi, na pengo lake limeelekea barabara ya mpakani. Mama yake Junu alikuwa amechutama pale, amechovya kidole, ananusa.

"Ni ya nywele zake," akaniambia. "Nilimpaka mwenyewe, asubuhi ile aliyopotea."