Kitanda Kisicholazwa

Mjukuu wangu Amira alikuwa anaolewa, nami nilishasema: hataingia kwa mume na kitanda cha maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Kwetu Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ndivyo vinavyouzwa siku hizi. Kinang'aa kama sahani, bwana harusi akijigeuza mara mbili, kiko chini.

Basi tukavuka mpaka, mimi na yeye, hadi Ushirombo kwa Masudi, mwana wa dada yangu, anayeuza vitenge pale sokoni. Huko bado kuna mbao za mninga, na bado kuna mafundi wenye mikono. Masudi akatuelekeza kwa seremala mmoja, barabara ya machimboni.

"Nendeni mapema, mama mdogo," akaniambia. "Yule hafanyi kazi jua likishazama."

Nyonga yangu haijui mapema. Tulifika magharibi inakaribia, vumbi la malori limegeuka jekundu.

Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, rozari shingoni, maranda kwenye nyusi. Aliitwa Bartholomeo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Viti hivi umevitengeneza umefumba macho?"

Akacheka. "Hivyo ni vya mwanafunzi wangu, bibi. Vya kwangu viko ndani."

Na kweli. Ndani kulikuwa na makabati ambayo milango yake ilifunga bila kulia, na meza unayoweza kuitumia kama kioo. Lakini mimi sikuangalia meza. Nilikiona kitanda.

Kilikuwa kimesimamishwa, kichwa juu, kimeegemea ukuta wa nyuma. Futi tano kwa sita. Mbao nyeusi, nzito, zisizo na msumari hata mmoja. Miguu minene kama ya ng'ombe. Amira akashika mdomo.

"Bibi... hiki."

"Hicho hakiuzwi," alisema Bartholomeo. Sasa hakuwa anacheka.

"Kama hakiuzwi, kwa nini umekimalizia kwa msasa?"

"Nimekitengeneza tu. Nimekisimamisha."

"Kilaze tukione."

"Hakilazwi, bibi."

"Kitanda kisicholazwa ni mlango," nikamwambia. "Wewe unauza nini hapa?"

Umeme ukakatika palepale, kama kawaida ya huko. Akasema anakwenda nyumba ya pili kuchukua tochi, tusiguse kitu, kuna patasi zimezagaa. Tukabaki katika kamwanga kale ka mwisho, ka rangi ya majivu.

Amira alinitazama. Nami nikamtazama. Tulikuwa tumetoka nchi nyingine kwa ajili ya kitanda. Mimi nikashika mguu huu, yeye mguu ule, tukakishusha polepole mpaka sakafuni. Chaga zake zilikuwa zimeshapangwa. Amira akavua viatu, akajinyoosha juu yake, akaweka mikono kifuani kama malkia.

"Bibi, kimenitosha mimi na mume na watoto wawili!"

"Ondoa watoto kwanza, mshenzi wewe."

Ndipo nilipofanya afanyavyo kila anayejua kununua. Niligonga mbao. Mbao iliyoliwa na wadudu husema pwa. Mbao nzima husema ko. Nikainama, nikagonga ubavu wa kitanda kwa kifundo cha kidole.

Ko. Ko. Ko.

Nzima. Nikaanza kunyooka.

Ko... ko... ko.

Sikuwa nimegonga.

"Amira, acha mchezo."

Mikono ya Amira ilikuwa bado kifuani. Miguu imetulia. Nikachungulia uvunguni. Sakafu tupu.

Kisha harufu ikaja. Udongo mbichi, ule wa chini sana usiowahi kuona jua. Jasho la wanaume. Moshi wa baruti.

Ko... ko... ko...

Safari hii ilitoka ndani ya mguu wa kitanda nilioushika. Niliisikia kwenye mfupa.

Amira akafungua mdomo. Sauti ilikuwa yake, lakini maneno hayakuwa yake. Alinong'ona kama mtu anayebania pumzi.

"Mmefika wapi?"

Nikamtikisa bega.

"Amira! Inuka hapo!"

"Mmefika wapi? Hewa inaisha huku."

Nikamshika mkono nimvute. Wallahi, mtoto mwembamba yule, nisingeweza kumsogeza hata na ng'ombe. Kifua chake kilikuwa kinabonyea, kidogo kidogo, kana kwamba kuna mtu anammwagia mchanga kwa koleo. Puani pakatoka vumbi jekundu.

Mwanga wa tochi ukatupiga. Bartholomeo alisimama mlangoni. Akamaka "mama yangu!" kwa kilugha chao.

"Nani amekilaza?"

"Mtoe mjukuu wangu!"

"Bibi..." Alikuwa ananong'ona. "Umegonga?"

"Nimegonga. Sijui kununua bila kugonga."

Akashika kichwa. Akaniambia haraka haraka, huku tumeshika pande mbili za kitanda tunavuta, na kitanda hakisogei. Mbao zile zilikuwa matimba, magogo wanayosimamisha wachimbaji ndani ya duara, shimo lao la dhahabu, kuuzuia udongo usianguke. Duara hilo liliporomoka, likawafunga watu chini. Matimba machache ya mdomoni yalitolewa. Watu hawakutolewa. Naye akayachukua matimba, akatengeneza kitanda, akakisimamisha, kwa sababu timba likisimama udongo unakaa mahali pake. Likilala...

"Na kugonga?"

"Waliofukiwa hugonga timba, bibi, ijulikane wako hai. Wa juu akigonga, maana yake tumewasikia. Tunakuja."

Nikamtazama Amira. Midomo imekuwa ya bluu.

Nilisoma aya zote ninazozijua, nazo si nyingi. Bartholomeo akasema Salamu Maria. Kitanda hakikujali dini ya mtu.

"Mmefika wapi..." Sasa sauti ilikuwa uzi tu.

"Lazima waambiwe ukweli," alisema Bartholomeo.

"Basi waambie! Ni watu wenu!"

"Siwezi." Aligeuza tochi ukutani. "Athanas yumo. Mdogo wangu. Kila jioni ananigongea. Sijawahi kumjibu, na sijawahi kumwambia kwamba hatuji."

Mwanaume mzima. Nilitaka kumzaba kofi, lakini muda wa kofi haukuwepo. Nikapiga magoti na nyonga yangu hii mbovu, nikaweka mdomo kwenye ile mbao. Ilikuwa na joto. Kama shavu la mtu.

"Nisikilizeni," nikasema. "Mimi ni mwanamke mgeni. Niligonga kwa sababu nanunua kitanda. Hakuna anayekuja."

Nikasogeza sikio, kisha mdomo tena.

"Hakuna anayechimba. Wameondoka wote. Wake zenu wameshamaliza eda na matanga yameshaanuliwa. Mmekufa, wanangu. Kufa hakuna nusu. Huyu mtoto ana pumzi yake, nanyi haiwatoshi hata mkiigawana. Mwacheni."

Malori barabarani yalikuwa yamenyamaza.

Kisha, ndani ya mbao, mbali sana... mtu mmoja akaanza kulia. Si kilio cha jini. Kilio cha kijana aliyekuwa amejikaza mbele ya wenzake.

Bartholomeo akaziba masikio.

Kitanda kikawa chepesi. Tukakiinua kwa nguvu zote tulizokuwa tumezikusanya, nusura kituangukie, Amira akateleza akaanguka sakafuni kama gunia, akakohoa, akatapika tope jekundu. Akavuta pumzi. Nikampiga mgongoni huku namtukana kwa furaha.

Tulipotoka, fundi alikuwa amekumbatia kile kitanda kilichosimama, paji la uso kwenye mbao. Alikuwa anagonga. Polepole. Sikungoja nijue kama alijibiwa.

Amira ameolewa. Analala kwenye kitanda cha chuma, kinapiga kelele mpaka majirani wanajua habari zake zote, na sijali. Lakini njiani tukirudi, kwenye basi, aliniambia alichokiona kule chini. Wanaume wameketi wamebanana, taa kwenye paji la uso. Niliposema hakuna anayekuja, wakazizima moja moja. Mmoja tu alibaki na taa yake. Alikuwa anakunjua gunia, analitandika chini.

"Nikamwambia hapo hapanitoshi," alisema Amira. "Akasema, si pako. Ni pa bibi aliyegonga."

Nilimshika mkono mpaka mpakani.

Mimi ni mzee, siogopi kaburi. Lakini nimewaita wanangu wote nikawaambia: siku yangu ikifika, msiniwekee mbao juu ya mwanandani kaburini. Wekeni mawe. Wekeni matofali. Wakanicheka, wakasema bibi amezeeka, Waislamu wote hufunikwa kwa mbao.

Wacheke. Wao hawakuweka mdomo kwenye ile mbao wakasema kwamba hakuna anayekuja.

Siku hiyo, wale wa chini wakigonga, mimi nitakuwa nimekuja.